Faili usilolijua kwenye kompyuta: lichunguze kabla ya kulifuta

Hapa Lubumbashi, mtu akikuta faili lenye jina la ajabu kwenye kompyuta ya nyumbani, ama analifuta papo hapo, ama anapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp: "Hii ni virusi?" Kwa jina peke yake hakuna anayeweza kumjibu. Jina hubadilishwa kwa sekunde moja, na anayetengeneza programu ya ujasusi huchagua lile ambalo halitakushtua.

Mimi huanza kwa kuuliza faili linakaa wapi. Tuchukue svchost.exe, faili la Windows linaloendesha huduma zake za ndani, ambalo huwatisha wengi kwa sababu linaonekana mara makumi. Wingi huo ni wa kawaida: tangu mwaka 2017, Windows 10 kwenye kompyuta yenye RAM inayozidi giga 3.5 huzipa huduma zake nyingi svchost ya peke yake. La kweli linakaa ndani ya C:\Windows\System32, au SysWOW64. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye "Détails", tafuta jina hilo, bofya kulia, kisha chagua "Ouvrir l'emplacement du fichier". Folda itakayofunguka itakwambia mengi kuliko jina.

Kwa jirani mmoja wa Katuba nilikuta scvhost.exe, c na v zimebadilishana nafasi, limejificha ndani ya folda ya AppData\Roaming, si System32. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, toa tu hiyo kitu, mtoto amalize TFC yake," yaani kazi yake ya kuandika ya kumaliza masomo ya chuo. Nilimwomba subira kidogo, kwa sababu pembeni yake kulikuwa na faili dogo la maandishi ambalo ukubwa wake uliongezeka kila tulipoandika chochote. Tulilifungua. Ndani mlikuwa na sentensi za TFC, makosa ya kuchapa yakiwemo, halafu anwani ya barua pepe ya kijana, na mstari wa chini yake neno lake la siri. Hapo hapakuwa na ubishi tena. Kama tungefuta haraka, tusingejua kwamba neno la siri limeshaonekana, na kijana angeendelea kulitumia.

Njia liliyoingilia ilikuwa flashi yake, iliyokuwa imezunguka kwenye sekretariati za kuchapisha. Folda zake halisi zilikuwa zimefichwa, na mahali pake pamewekwa njia za mkato zenye majina yaleyale. Tena kuna mtego mwingine wa majina, ndiyo maana nawasihi wanafunzi wawashe "Extensions de noms de fichiers" kwenye menyu ya Affichage. Bila hiyo, Windows inakuficha mwisho wa jina, na "Chapitre 2.pdf.exe" unaliona kama "Chapitre 2.pdf".

Baada ya mahali, tazama saini ya kidijitali, inayoonyesha nani ametoa faili. Bofya kulia, fungua "Propriétés", kisha "Signatures numériques". Faili linalodai kuwa la Microsoft lakini limesainiwa na mwingine ni la kutiliwa shaka sana. Ila kukosa ukurasa huo si hukumu: baadhi ya mafaili halali ya Windows saini zao zimehifadhiwa kwingine. Autoruns, programu ya bure ya Microsoft, inaweza kuzikagua hizo pia, tena inakuonyesha kila kinachojiwasha kompyuta inapowaka.

Kisha kuna VirusTotal, tovuti inayolipima faili kwa antivirusi zaidi ya hamsini. Ili usimalize mega zako, usipakie faili zima. Fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, halafu itafute kwenye VirusTotal namba itakayotoka. Antivirusi moja au mbili zikilalamika, huenda ni kosa lao. Ishirini zikilalamika, amini. Zikinyamaza zote, bado faili jipya linaweza kuwa baya. Na nyaraka za siri usizipakie kabisa, maana wengine wanaweza kuzipata.

Hapa niseme wazi kuhusu Windows za kuvunjwa, yaani zinazotumika bila leseni, kwa kuwa ndizo zilizojaa mjini. Kiwashio chake, programu inayoiwasha bila leseni, kitaitwa HackTool (chombo cha wadukuzi) na antivirusi, na fundi atakwambia "hiyo ni kawaida, zima antivirusi kwanza." Nakataa ushauri huo kwa nguvu zote. Ni kweli kwamba kiwashio hupigiwa kelele hata kisipobeba jasusi, lakini wezi wa maneno ya siri wanajua utazima ulinzi kwa mkono wako, na hupenda kujificha humohumo. Ukishazima, huna tena cha kukuonya.

Ukithibitisha ni jasusi, kata intaneti kwanza. Badilisha maneno ya siri kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, ukianza na barua pepe, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Ukibadilisha kwenye kompyuta ileile, unampelekea jasusi neno jipya. Halafu fanya "analyse hors ligne" ya Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka, na faili likirudi baada ya hapo, weka Windows upya. TFC, picha na nyaraka za nyumbani ziokolewe. Kila kinachoishia kwa .exe, .scr, .vbs au .lnk (njia za mkato) kwenye flashi ile kiachwe nje.