Kunakili flopi za zamani kwa amri, kisha kuziformati

Mkuu, umeuliza namna ya kunakili flopi za MB 1.44 zenye hesabu za chama cha chai hapo Tukuyu, halafu uziformati upya kwenye Linux. Kabla ya amri yoyote, sogeza kile kibati cha flopi, zungusha kitovu kwa kidole, tazama ule utando mweusi ndani yake. Kwa unyevu wa Rungwe, ukungu si ajabu. Ukiona madoa meupe, usiiingize. Itachafua kichwa cha kusomea na kuharibu flopi zinazofuata.

Zilizo safi, fungua kile kitundu cha pembeni ili zisiandikwe kwa bahati mbaya. Chomeka kisomaji cha flopi cha USB, andika lsblk (amri inayoorodhesha diski), tafuta kifaa cha 1.4M. Tuseme jina lake ni sdb; dd itanakili flopi nzima kwenye faili chai01.img:

sudo dd if=/dev/sdb of=chai01.img bs=512 conv=noerror,sync

Faili kamili lina baiti 1474560. Lakini noerror huendelea hata penye kosa, na sync hujaza sifuri pale paliposhindikana kusomeka, kwa hiyo soma pia ripoti ya makosa.

Kuformati: funga kitundu, kisha tumia ufiformat (programu ya kuformati flopi za USB) na mkfs.vfat (huweka mfumo wa faili wa FAT):

sudo ufiformat -f 1440 /dev/sdb
sudo mkfs.vfat -I /dev/sdb

Ukikosea herufi ya kifaa hapo, kwaheri diski ya kompyuta! Binafsi nisingeziformati, flashi moja inabeba zote.