Vichocheo vya ukuaji na kansa: yaliyonikuta na kidonda cha mama

Mkuu, umeuliza kama vichocheo vya ukuaji, vile vinavyojaza nyama kwenye kidonda, ndivyo vinavyoleta kansa, maana shemeji yako mwenye sukari ana kidonda mguuni na kuna mtu kamshauri jeli ya namna hiyo.

Mama yangu aliungua mguu kwa uji akiwa binti. Kovu likawa linachanika na kufunga, mwaka nenda mwaka rudi, hadi safari moja halikufunga. Hapa Tabora asali haikosekani, tukapaka. Kwenye kituo kimoja wakasafisha na kufunga bandeji miezi saba, hakuna aliyewaza kukata kinyama kikapimwe. Bandeji nilikuwa nafungua mimi: kingo zimenyanyuka, ngumu, ukigusa damu. Nikafurahi nikidhani nyama inaota. Kumbe inaota kweli! Jibu la hospitali ya Bugando, Mwanza: kansa ya ngozi, ile inayotokea kwenye makovu ya moto ya zamani, wanaiita kidonda cha Marjolin.

Daktari alinielewesha kwa mfano wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji wanaoitana kwa filimbi. Ukijikata, chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu, humwaga kichocheo cha ukuaji kiitwacho PDGF, hiyo ni filimbi. Fibroblasti, mafundi wa tishu unganishi, huitika, huzaliana, hufuma nyuzi za kolajeni. FGF, kichocheo kingine, nayo huita mishipa mipya ya damu. Kidonda kikifunga, filimbi hunyamaza. Sasa kansa ni mwizi aliyeokota filimbi: anapuliza usiku kucha, na wanakijiji wanakuja kumjengea boma na kumletea chakula. Mtafiti Harold Dvorak wa Marekani aliandika mwaka 1986 kwamba uvimbe wa kansa ni kidonda kisichopona.

Kuna wakati filimbi hata hailii, bovu ni sikio. Kwenye baadhi ya kansa za kibofu, kipokezi FGFR3, yaani sikio la seli linalosikia FGF, kina hitilafu ya jeni, kinaamuru seli igawanyike bila kuitwa. Wagonjwa hao wana dawa ya kuziba sikio, erdafitinib, iliyoidhinishwa Marekani 2019. Hupandisha fosfeti kwenye damu, kwa hiyo vipimo haviishi.

Kwa hiyo kansa huanzia kwenye jeni zilizoharibika, lakini ikishakuwepo, vichocheo huipa nguvu. Ndiyo maana jeli ya becaplermin, ambayo ni PDGF hiyo hiyo, hairuhusiwi kupakwa penye kansa. Kidonda cha shemeji kama kimepita miezi mitatu, daini kinyama kwanza, na kikatwe ukingoni, siyo katikati kwenye usaha.

Mama walimkata pande kubwa wakapandikiza ngozi ya paja. Anatembea na fimbo, na bandeji hataki hata kuiona.