Maswali ya Wasomaji: Mwanangu alisema imani yake kuhusu ndoa, sasa anatukanwa

SWALI: Mhariri wetu mpendwa, salaam. Mimi ni mama wa watoto wanne, Mlutheri, na ninakaanga samaki na kuwauza karibu na soko la Mgandini hapa Tanga. Kijana wangu wa pili anacheza mpira katika timu moja ya mjini na jina lake limeanza kujulikana. Katika semina ya vijana kanisani aliombwa atoe ushuhuda, akasema kuwa ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja mpaka kifo, na kwamba kulea watoto ni kazi kubwa kuliko kombe lolote. Hapo sina neno. Kisha akaongeza kuwa mke anayemwacha mtoto na kwenda sokoni hajajua maana ya ndoa. Alikuwa amevaa jezi ya mazoezi ya timu. Mtu akamrekodi kwa simu, na kipande hicho kikasambaa katika magrupu ya WhatsApp. Sasa anazomewa uwanjani, anaandikiwa matusi nisiyoweza kuyarudia, na wapo wanaopita mezani kwangu wakiniuliza watoto nimemwachia nani. Uongozi wa timu unamtaka asaini barua ya kuomba radhi ambayo wameiandika wao. Nimeambiwa kuwa hata Marekani kuna mchezaji aliyekutwa na mambo kama haya. Je, asaini? Na mtu wa mpira akisema imani yake ana kosa gani?
Mama Mchezaji, Tanga.

JIBU: Dada yangu, pole sana. Nitaanza na lile unalolisubiri: barua hiyo asiisaini kama ilivyo. Lakini ile sentensi ya mwisho, ya mke na soko, airekebishe mwenyewe kwa kinywa chake, na asingoje kulazimishwa na mtu.

Mchezaji uliyeambiwa habari zake bila shaka ni Harrison Butker, mpigaji mikwaju wa timu ya Kansas City Chiefs katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ambaye ametwaa Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi hiyo, mara 3. Tarehe 11 Mei 2024 alialikwa kuhutubia mahafali ya Chuo cha Benedictine, chuo cha Kikatoliki kilichoko katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Alizungumza juu ya mambo mengi: utoaji mimba, mwenendo wa maaskofu, mwezi wa Juni unaoadhimishwa na watu wa mapenzi ya jinsia moja, na wajibu wa wanaume katika nyumba zao. Kwa wahitimu wa kike alisema kuwa wamedanganywa kuhusu maana ya maisha, na kwamba mke wake mwenyewe angeshuhudia kuwa maisha yake yalianza hasa siku alipoanza kuuishi wito wa mke na mama. Maneno hayo ndiyo yaliyowasha moto. Watu zaidi ya 200,000 walitia saini ombi la kutaka timu yake imfukuze, ligi ikatoa tamko la kujitenga na maoni yake, na hata masista Wabenedikto, ambao shirika lao lilishiriki kukianzisha chuo hicho, walisema hadharani kuwa hawakubali wito wa mwanamke upimwe kwa kazi za nyumbani peke yake.

Katika hotuba hiyohiyo alikiri kuwa huenda baadhi ya wahitimu wale watafanikiwa katika kazi zao. Hakumwamuru mwanamke yeyote aache kazi. Unaweza kumpinga, na mimi mwenyewe naona kuwa mahafali, siku ambayo binti anapokea cheti alichokisotea kwa miaka, haikuwa mahali pa kumwambia kwamba huenda anachokitamani zaidi ni ndoa. Lakini ni haki apingwe kwa yale aliyoyasema. Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, kaa na kijana wako mpate rekodi nzima ya ushuhuda wake. Kama kanisa linayo, wanaomtukana waisikilize tangu mwanzo. Wengi wao, nina hakika, wamesikia sentensi moja tu.

Kuhusu kosa la kusema imani, mwanao hana kosa. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 18 na uhuru wa dini katika ibara ya 19, na wala haisemi kwamba mtu akivaa njumu haki hizo anaziacha nje ya uwanja. Tena hilo la ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu kwa maisha yao, ndivyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyosema. Tunawapenda vijana hawa wakifunga bao na kuinua mikono kumshukuru Mungu, tunawapigia makofi, kisha tunashangaa wakifungua mdomo na kusema kile ambacho huyo Mungu wanayemshukuru amewafundisha. Hiyo si haki. Mchezaji ni mtu mzima mwenye dhamiri, na dhamiri yake haikununuliwa pamoja na miguu yake.

Hata hivyo, uhuru wa mwanao wa kusema ndio huohuo uhuru wa mama mwingine wa kumjibu. Akijibiwa kwa hoja, hata kwa ukali, hajaonewa. Butker alijibiwa na masista kwa hoja, na nahodha wa timu yake, Patrick Mahomes, alisema kuwa hakubaliani na baadhi ya maneno ya mwenzake lakini anamfahamu kwa miaka 7 na anampima kwa mwenendo wake wa kila siku. Huko ndiko kupingana kwa watu wazima. Ombi la kumkosesha mtu riziki kwa sababu ya hotuba aliyoitoa katika chuo cha dini yake ni jambo jingine kabisa, na timu yake haikulikubali. Mwezi Agosti mwaka huohuo ilimwongezea mkataba.

Wapo ambao mambo yaliwaendea vibaya zaidi. Israel Folau, mchezaji wa raga wa Australia, aliandika mtandaoni mwezi Aprili 2019 kuwa jehanamu inawangoja walevi, wazinzi, wezi, watu wa mapenzi ya jinsia moja na wengine aliowataja. Alikwisha kuonywa mwaka uliotangulia. Mwezi wa Mei mkataba wake ukavunjwa na chama cha raga cha Australia, wakapelekana kwenye vyombo vya sheria, na mwezi Desemba wakapatana nje ya mahakama, kila upande ukiomba radhi kwa maumivu yaliyotokea. Ninamtaja kwa sababu ya neno moja, mkataba. Mwanao ana mkataba? Kama anao, usome pamoja naye ukurasa kwa ukurasa kabla hajaitwa tena ofisini. Uongozi ukisema amevunja kanuni, uionyeshe kanuni hiyo kwa maandishi.

Hapa ndipo ile jezi ya mazoezi inaponisumbua. Kijana aliyekwenda kanisani kwa shati lake anasema kwa niaba yake mwenyewe, lakini aliyesimama mbele ya watu na nembo ya timu kifuani amewavuta wenzake wote ndani ya maneno yake, wakiwamo wale wasioamini kama yeye. Tanga ni mji wa misikiti na makanisa, na timu ni ya watu wote. Katika hilo uongozi una haki ya kulalamika, na kijana anaweza kuandika barua fupi, aliyoiandika yeye, akisema kuwa maoni yale ni yake na kwamba hakupaswa kuvaa jezi ile pale. Barua ya namna hiyo ataisaini bila kuisaliti imani yake. Barua inayomtaka aombe radhi kwa kuamini kuwa ndoa ni ya mume na mke hapaswi kuisaini, na natumaini mchungaji wake atakuwa tayari kwenda naye ofisini.

Nirudi kwenye sentensi ya soko, maana ndiyo iliyoumiza watu, na nadhani ilikuumiza hata wewe ingawa hukuiandika hivyo. Ni kweli kwamba Tito 2:5 inawataka wake vijana wawe watunzaji wa nyumba zao, na yawezekana kijana aliegemea hapo. Lakini Mithali 31, ambayo husomwa katika harusi nyingi za Kikristo, inamsifu mke anayekagua shamba na kulinunua, anayepanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, anayeshona nguo za kitani na kuziuza. Lidia wa Matendo 16 alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, na Prisila wa Matendo 18 alishona mahema pamoja na mumewe. Mapokeo ya Kikristo kuhusu familia ni mapana kuliko alivyoyafupisha kijana wako. Mama mzazi wa Butker mwenyewe ni mtaalamu wa fizikia ya tiba, na kazi hiyo aliifanya huku akimlea.

Nawe je? Mwanamke anayeamka usiku kwenda kununua samaki, akawapaa magamba, akawakaanga kwa mafuta ya kupima na kusimama juani mpaka sahani ya mwisho iishe, hajamwacha mtoto. Pesa ile ndiyo nauli ya daladala ya kwenda mazoezini. Ndiyo njumu. Kijana aje pale mezani kwako, akae na akina mama wenzako wanaouza nyanya na dagaa, awaambie kwamba maneno yale hayakuwa ya haki kwao. Asipeleke mtu wa kurekodi.

Wanaokusimanga wewe hapo mezani hawana utetezi wowote. Hukusema neno. Na wanaomtumia mwanao vitisho wajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu. Tunza jumbe zote, usifute hata moja, na kama kuna aliyetishia kumdhuru, nendeni polisi.

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni kocha wa timu ya vijana hapa Bagamoyo, nina wachezaji Waislamu na Wakristo. Wanabishana kuhusu nahodha wa Crystal Palace aliyeandika jina la Yesu kwenye kitambaa cha unahodha chenye rangi za upinde wa mvua mwaka 2024 akaonywa, ilhali nahodha wa Ipswich, Mwislamu, alikataa kabisa kukivaa na hakuandikiwa lolote. Vijana wangu Wakristo wanasema ni upendeleo. Niwajibu nini?
Kocha, Bagamoyo.

JIBU: Waalaykum salaam, kocha. Waambie kuwa tofauti ilikuwa ya kanuni. Kitambaa kile, kilichokusudiwa kuwaunga mkono watu wa mapenzi ya jinsia moja, hakikuwa cha lazima, hivyo Sam Morsy, yule wa Ipswich, alipokiacha kwa sababu ya dini yake hakuvunja sheria. Marc Guehi wa Crystal Palace alikivaa akaandika juu yake kuwa anampenda Yesu, na Sheria ya 4 ya mchezo hairuhusu maneno ya dini, ya siasa wala ya binafsi kwenye vifaa vya mchezaji. Chama cha soka cha Uingereza kilimkumbusha sheria hiyo, naye katika mechi iliyofuata, dhidi ya Ipswich hiyohiyo, akaandika kuwa Yesu anakupenda. Alieleza kuwa ujumbe wake ulikuwa wa upendo. Hakufungiwa mechi hata moja, na Mei 2025 aliliinua Kombe la FA akiwa nahodha.

Wala wasidhani kuwa Waislamu huachwa. Idrissa Gana Gueye wa Senegal alipokosekana katika mechi ya Paris Saint-Germain mwezi Mei 2022, ambayo jezi zake zilikuwa na namba za rangi za upinde wa mvua, alishambuliwa Ufaransa nzima, na rais wa nchi yake wakati huo, Macky Sall, akajitokeza kumtetea.

Binafsi naona chama kikitaka mchezaji avae ujumbe wa upande mmoja wa mjadala, kisishangae akitaka kuongeza wa upande wake. Ingekuwa afadhali vitambaa vya unahodha vibaki vya unahodha tu. Bagamoyo, ambako misheni ya Kikatoliki ilianzishwa mwaka 1868 katikati ya mji wa Waislamu, watu wamekaa jirani kwa muda mrefu bila kuvalishana imani. Kabla msimu haujaanza, andika kanuni moja ya mavazi kwa timu yako yote, uisome mbele ya wazazi wa pande zote mbili, na umwachie kila kijana aombe anavyoomba kabla ya filimbi.