Jibu: Raha ya glam rock iko wapi?

Mkuu, umeuliza watu wanapata nini kwenye albamu za glam rock (roki ya Uingereza ya miaka ya 1970, ya mavazi ya kumeremeta) wakati mashairi yake "hayana kitu". Ni kweli hayana, na ndiyo raha yenyewe!

Anza na albamu ya Slade Alive! ya 1972. Slade, vijana wanne wa Kiingereza, waliirekodi London Oktoba 1971 mbele ya watu. Kwenye wimbo mmoja wa taratibu, wa mapenzi kabisa, Noddy Holder, mwimbaji wao, anacheua kwenye maiki. Wakauacha hivyo hivyo! Bendi nyingine ingekata. Halafu sikiliza makofi na miguu ikigonga sakafu mpaka watazamaji wanageuka ngoma ya pili. Kiitikio unakidaka mara moja, cha pili unaimba nao.

Hawa jamaa hata majina ya nyimbo waliyakosea tahajia makusudi, na baadaye Holder akapanda jukwaani na kofia ndefu iliyobandikwa vioo, taa zikipiga ukumbi mzima unameremeta.

Ila usiisikilize peke yako kwa hedifoni, utaniona mwongo. Tafuta spika kubwa, alika washikaji, ongeza sauti. Majirani waombe radhi mapema.