Maswali yenu: mzazi yupo kijijini, simu inaweza kumtibu mpaka wapi?

Wadau habari zenu, wiki hii meseji nyingi ni za wazazi. Wengi tupo hapa Dodoma mjini au Dar, wazee wamebaki Kongwa, Bahi, Mpwapwa, Kondoa huko, na kila mtu anauliza kama simu inaweza kumhudumia mzee. Inaweza, ila mzee awe na mtu pembeni yake, na kiwepo kituo kinachomjua. Twende.

*Mama yupo Kibaigwa, ana presha ya muda mrefu. Kila mwezi namleta kliniki mjini na anachoka sana na basi. Hamna daktari wa kwenye simu akamhudumia moja kwa moja?*

Pole sana dada. Kufuta safari zote haiwezekani, kuzipunguza inawezekana. Kuna mambo yanaenda kwa simu vizuri kabisa, kusoma namba za presha alizoandika, kujua kama dawa anameza au zimeisha toka wiki iliyopita na hajasema, kuuliza kizunguzungu, miguu kuvimba, kikohozi kikavu kilichoanza alipobadilishiwa vidonge. Ila kusikiliza moyo, kupima figo, kuangalia macho, hapo mwili lazima uwepo. Kwa hiyo siku ya kliniki muulize daktari wake huyohuyo kama hali ikitulia mama anaweza kuja kila baada ya miezi mitatu hivi, katikati muwe mnaongea kwa simu na dawa achukulie kituo cha karibu.

Sishauri uanze na daktari mpya wa mtandaoni asiyejua faili lake. Mzee hakumbuki majina ya dawa, atasema "kile cha njano", na aliyeko mbali atabaki anabahatisha. Ikibidi awe mpya basi hakikisha amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kabla hamjapiga mtumie picha za kadi ya kliniki kurasa zote, pakiti za dawa zote, na dawa za mitishamba pia umtajie maana nyingine zinagombana na za hospitali. Alafu awepo mjukuu au jirani wa kushika simu, arudie maneno kwa sauti, kwa Kigogo kama mama anakielewa zaidi, na aandike kilichoagizwa. Video ikikatakata zimeni kamera muongee sauti tu.

*Nimemnunulia babu mashine ya presha, asubuhi 162, baada ya dakika kumi 139. Ni mbovu?*

Mara nyingi mashine haina shida, shida ni namna ya kupima. Babu akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano bila kuongea, na watu wengi wanakosea hapa, wanampima mzee huku wanamsalimia shikamoo na kumuuliza habari za mvua. Miguu ikanyage chini isipishane, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa kifungwe kwenye ngozi sio juu ya shati, awe ameshakojoa, na chai ya majani au kahawa iwe imepita nusu saa. Kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono mnene kinapandisha namba. Nunua ya kufunga juu ya kiwiko, zile za kifundo cha mkono zinahitaji umakini ambao mzee hana.

Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba, zote ziandikwe kwenye daftari na tarehe. Daktari anataka wastani wa hizo, namba moja ya kutisha uliyomtumia saa nne usiku haimsaidii. Nyumbani wastani wa 135/85 kwenda juu unahesabika umepanda. Ila ikisoma 180/120 au zaidi na kifua kinauma, anahema kwa shida au haoni vizuri, hapo ni hospitali, sio meseji.

Kitu kingine ambacho wengi hatufanyi, mpime na akiwa amesimama, baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mwambie daktari, maana wazee wengi wanaanguka usiku wakienda chooni kwa sababu hiyo, na nyonga ikivunjika mzee anaweza asirudi kutembea kama zamani.

*Mzee wangu ana kitochi tu na hataki simu janja.*

Muache na kitochi chake. Namba ya Wizara ya Afya ni 199, inapigwa bure na simu yoyote, wanatoa ushauri na maelekezo. We muwekee 199 na namba ya nesi wa zahanati humo kwenye simu.

*Bibi alipimwa sukari nyumbani ikatoka 17, kesho yake 7. Nani muongo?*

Alinawa mikono? Kidole chenye utomvu wa embe au zabibu zetu hizi kinatoa namba kubwa ya uongo. Angalia pia tepe za kupimia sukari, nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, na chini ya bati la Dodoma mwezi wa kumi na moja joto linapita hapo, kopo lifungwe na likae sehemu yenye ubaridi. Ikishuka chini ya 4 na bibi anatetemeka, anatoka jasho au anaongea vitu havieleweki, mpe nusu glasi ya soda ya kawaida kama anaweza kumeza, pima tena baada ya dakika 15. Akizimia usimwekee kitu mdomoni, kimbizeni kituo.

*Mama ameona tangazo mtandaoni la unga unaoponya sukari, ameacha vidonge wiki ya pili sasa.*

Mpigie leo. Usimgombeze, akiogopa atakuficha. Mwombe arudie dawa zake kama alivyoandikiwa, na kesho apimwe sukari kituoni. Unga wa kunywa unaoponya sukari mtu akaacha dawa haupo. Hilo tangazo ripoti TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kuna mama wa mwenzio analitazama sasa hivi.

*Baba mdomo umepinda, mkono wa kulia hauna nguvu. Tulipiga video kwa ndugu yetu daktari akasema tusubiri asubuhi.*

Msisubiri, hata kama dalili zimepungua. Hiyo inawezekana ni kiharusi, na kamera haiwezi kuonyesha kama ni damu imeganda au mshipa umepasuka, inahitaji picha ya kichwa, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Msimpe aspirini, msimpe chakula wala maji. Andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, tafuteni gari, mkiwa njiani ndio mpige simu hospitali ya rufaa wajue mnakuja.

*Ni sawa kuweka majibu ya vipimo vya mama kwenye grupu la ukoo?*

Muulize mama kwanza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na taarifa za afya zinahesabika nyeti, ila hata bila sheria, ni mwili wake. Wanaomuuguza watumie wao kwa wao, ukoo waambieni anaendelea na matibabu.