Ukitaka kugombea kiti cha mwendesha mashtaka wa kaunti, anzia kwenye kesi ndogo

Vijana wetu wanaosoma sheria hapa Columbus, Ohio, huniuliza mara kwa mara wafanye nini ili siku moja wagombee kiti cha mwendesha mashtaka wa kaunti. Wengi ni watoto wa Wakongomani, wengine wazazi wao wametoka Kenya au Tanzania, na nyumbani hawakuwahi kusikia habari za kumpigia kura mwendesha mashtaka. Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais. Kenya naye huteuliwa, Bunge la Taifa likishaidhinisha, kwa muhula mmoja wa miaka 8. Ohio ina kaunti 88, na katika kila moja wananchi humchagua wao wenyewe kila baada ya miaka 4.

Jibu langu halibadiliki: anza na kesi ndogo, na ukae nazo.

Sheria ya jimbo haidai mengi kwa mgombea. Awe wakili mwenye leseni ya Ohio na awe mpiga kura wa hapo. Jaji anatakiwa awe amefanya kazi ya sheria kwa miaka isiyopungua 6, lakini mwendesha mashtaka hakuwekewa idadi ya miaka. Ndiyo maana wapo wanaotamani kugombea leseni ikiwa bado mbichi. Ninawasihi wasubiri, na sababu yangu si kwamba watashindwa. Ninachohofia ni wakishinda. Ofisi ile ndiyo hupeleka makosa makubwa mbele ya jopo la raia 9, na 7 kati yao wakikubali, mtu anashtakiwa. Wakili wa mtuhumiwa haingii mle. Anayeamua jalada lipi lifike kwenye jopo na lipi lifungwe ameshika maisha ya watu kabla jaji hajasikia neno.

Mimi nilianzia ofisi ya mwanasheria wa jiji, ambako makosa madogo hushughulikiwa: kuendesha gari mtu akiwa amelewa, wizi wa dukani, ugomvi wa majumbani. Asubuhi unakabidhiwa rundo la majalada. Ripoti ya polisi unaisoma umesimama, wakili wa utetezi anakungoja pembeni, na aliyepigwa amekaa benchi la nyuma hajui amfuate nani. Siku moja alikuja mama wa Kivu, shahidi katika kesi ya kupigwa kwa jirani yake. Alikuwa ameletewa mkalimani wa Kifaransa, na yeye Kifaransa hakijui. Nilipomsalimia kwa Kiswahili alinishika mkono. "Mtoto wangu," akasema, "nikitaja jina la huyu kijana mle ndani, usiku nani atanilinda?" Alikotoka, aliyetoa ushahidi alifuatwa nyumbani.

Sikumbembeleza aingie. Nilimweleza nani anakaa wapi chumbani, nani atamuuliza maswali na mshtakiwa amewekewa masharti gani, kisha nikaomba shauri liahirishwe hadi apatikane mkalimani wa Kiswahili. Kumtafsiria mwenyewe nisingeweza, kwa kuwa nilikuwa upande mmoja wa kesi. Aliporudi alisema aliyoyaona, kwa maneno yake. Mambo hayo hayafundishwi chuoni wala hayasomwi kwenye bango la kampeni, lakini mwendesha mashtaka asiyeyajua atapoteza mashahidi wa jamii nzima na kudhani hawataki kushirikiana.

Baada ya hapo nenda upande wa pili. Chukua kesi za kuteuliwa na mahakama, uwatetee wasio na uwezo wa kulipa. Ukishakaa na mtu mahabusu mkasoma pamoja hati inayomtaja yeye, hutaandika tena hati ya mashtaka kwa haraka.

Msidanganywe kwamba njia ni moja. Tazameni kaunti yetu ya Franklin. Ron O'Brien, aliyekikalia kiti kwa zaidi ya miaka 20, alitokea kwenye uanasheria wa jiji. Gary Tyack, aliyemshinda mwaka 2020, alikuwa jaji wa mahakama ya rufaa. Shayla Favor, aliyechaguliwa mwaka 2024, alifanya kazi katika ofisi ya mwanasheria wa jiji kisha akawa diwani. Watatu hao hawafanani kwa siasa wala kwa umri, ila wote walikuwa wameshafanya kazi ya umma mbele ya macho ya watu.

Sasa fedha. Deni la chuo ni kubwa, na mshahara wa serikali hauwezi kushindana na ule wa kampuni binafsi. Upo mpango wa serikali kuu unaofuta salio la mkopo wa wanafunzi ukishafanya malipo 120 yanayokubalika huku ukiwa mtumishi wa umma. Jiandikishe mapema na uhifadhi kila barua. Weka akiba pia, kwa sababu wasaidizi wa mwendesha mashtaka hutumikia kwa ridhaa yake. Ukitangaza kugombea dhidi ya bosi wako, jiandae kuondoka.

Wakati ukifika, karatasi za kugombea huchukuliwa bodi ya uchaguzi ya kaunti. Kwa anayepitia mchujo wa chama kikubwa, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama, saini halali 50 za wapiga kura zinatosha, na wengi huzidharau kwa uchache wake. Bodi hukagua moja moja: mtu amehama bila kubadili anwani, hajajiandikisha, anaishi kaunti ya jirani, zote zinakatwa. Kusanya kwa wingi kuliko unavyotakiwa. Watu wetu wa nyumba za kupanga huhama mara nyingi, kwa hiyo kabla hujampa mtu kalamu muulize alipiga kura mara ya mwisho akiwa anwani ipi, na kama amehama msaidie kwanza kurekebisha. Mwisho wa kurudisha ni siku ya 90 kabla ya mchujo, saa 10 jioni. Mchujo wa mwaka wa urais hufanyika Machi, kwa hiyo hesabu inaangukia Desemba, watu wakiwa safarini na barabara zina theluji. Zipeleke Novemba.