Hemu alishindwaje Panipat akiwa na jeshi kubwa zaidi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma habari za Hemu, mfalme Mhindu aliyetawala Delhi kwa takriban mwezi mmoja mwaka 1556. Inasemekana alimzidi Akbar, mfalme wa Wamughal, kwa askari na kwa ndovu. Je, ni kweli mshale mmoja tu ndio uliomnyang'anya ufalme?

Jibu: Marahaba. Mshale ulimpata kweli, ila anza na mizinga. Hemu aliitanguliza Panipat, mji ulio kaskazini mwa Delhi, bila ulinzi wa kutosha, na kikosi cha mbele cha Ali Quli Khan, jemadari wa Akbar, kikaiteka. Basi yule aliyeitwaa Delhi tarehe 7 Oktoba akaingia vitani tarehe 5 Novemba akitegemea ndovu na farasi.

Hata hivyo nusura ashinde. Ndovu wake walizivuruga pande zote mbili za Wamughal, kulia na kushoto. Kilichomkwamisha ni katikati: palikuwa na korongo ambalo ndovu hawakuweza kulivuka, na wapanda farasi wa Kimughal wakazunguka, wakawashambulia kwa ubavuni na nyuma, wakiwakata miguu kwa panga na kuwalenga kwa mishale waliowapanda. Hemu, juu ya ndovu wake Hawai, akaongoza mashambulizi mwenyewe. Hapo ndipo mshale ulipompiga jichoni, akazimia. Askari walipoona hayupo tena juu ya ndovu, wakatawanyika.

Kwa nini watawanyike, na hali walikuwa wengi? Mimi naona jibu liko katika maisha yake. Hemu hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme. Alitoka Rewari, kwenye jamii ya wafanyabiashara, akapanda cheo kwa watawala wa Kiafghani wa ukoo wa Sur mpaka akawa waziri na jemadari wa Adil Shah. Waafghani wengi jeshini mwake walimfuata yeye na ushindi wake. Alipojitwalia jina la kifalme la Vikramaditya, hakuwa na mrithi wala naibu ambaye askari wangemtii Hemu mwenyewe akianguka.

Upande wa pili ulikuwa tofauti kabisa. Akbar, kijana wa miaka 14, aliwekwa nyuma mbali na mapigano pamoja na mlezi wake Bairam Khan. Angeuawa Ali Quli Khan siku ile, amri ingebaki mikononi mwa Akbar na Bairam Khan.

Idadi ya ndovu 1,500 unayoikuta vitabuni ichukue kwa tahadhari. Habari hizi zimetufikia kwa kalamu za watu wa Akbar.